Zamu ya Kumbeba Makame

Vijana wangu wa wodi ya wazazi, mmenisumbua vya kutosha. Tangu niage kazi, kila mkinikuta sokoni Kilindoni ni "Mama Tatu, andika, andika," utadhani nimestaafu na siri ya serikali. Haya, naandika. Vyeo sitaviandika, viko kwenye faili, na faili lile mara ya mwisho nililiona panya wameshalianza. Mshahara nao siutaji, maana mtacheka na kazi mtaiacha. Nitawaandikia habari ya watoto wawili wa Jibondo waliozaliwa na moyo mbovu, enzi zile nchi bado changa na mimi bado nina kiuno. Nimezalisha watoto mpaka nimesahau sura zao, lakini hao wawili nikiwakumbuka furaha inanipanda upya, na mjukuu wangu ananiuliza, bibi, mbona unacheka peke yako.

Mimi ni mtu wa Kirongwe. Nilisomea ukunga Dar es Salaam, nikarudi kisiwani na sare mbili nyeupe na maringo yasiyo na idadi. Asubuhi yangu ya kwanza wodini nilipokewa na Mama Theresia, sista mkuu, Mngoni aliyeletwa Mafia na uhamisho na ambaye bahari hakuipenda hata siku moja. Akanikabidhi mtoto aliyezaliwa muda si mrefu, akasema, "Mkague." Nikamhesabu vidole, nikamgeuza, nikamtazama macho, nikasema kwa sauti ya darasani, "Mtoto mzima, Sista."

"Sikukuuliza kama mzima," akasema. "Nimesikia hivyo kwa mama yake. Wewe niambie umesikia nini."

Sikuwa nimesikia kitu, kwa kuwa sikuwa nimeweka sikio popote. Akatoa stetoskopu mfukoni mwa aproni yake. Hospitali nzima ilikuwa na mbili, moja ya daktari na hiyo moja yetu, mpira wake umepasuka na kufungwa plasta, ukiishika vibaya unasikia vidole vyako mwenyewe vinakwaruza. Akaniamuru nisikilize kifua cha kila mtoto wodini, wote wazima, na kesho yake tena, na wiki yote. Nikamuuliza nitafute nini. "Usitafute kitu. Jaza masikio yako moyo mzima. Siku ukija mbovu hutaniuliza."

Sasa nyie mna mashine za picha, mnauona moyo unavyocheza kama mnatazama sinema. Naona wivu, sitaficha. Ila umeme ukikatika, na mnajua unavyokatika, yale masikio ndiyo mtakayobaki nayo.

Jambo la pili alilonifundisha ni jasho. Mtoto mchanga hana kazi ngumu duniani kuliko kunyonya. Akinyonya kidogo akaachia, akahema, akanyonya tena, na kipaji cha uso wake kikalowa jasho kama aliyetoka kukwea mnazi, acha ulichoshika umsikilize. Wengi watakwambia ni joto. Joto ni la wodi nzima, kwa nini alowe yeye peke yake?

Makame alikuwa hivyo hivyo. Mama yake, Mwanajuma, alikuwa mke wa Fundi Shomari, mjenzi wa vyombo wa Jibondo. Alikuwa ameshazika watoto wawili wachanga, wote walizaliwa nyumbani, ndiyo maana safari hiyo alivuka kuja kuzalia kwetu Kilindoni, akiwa na mama mkwe wake, Bi Hidaya. Bi Hidaya alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya kuita chombo kilicho mbali. Alikaa chini pembeni mwa kitanda cha mkwewe na hakuna muuguzi aliyethubutu kumwambia muda wa kutazama wagonjwa umekwisha.

Mtoto alizaliwa salama, akalia kidogo, kilio cha paka mdogo, akanyamaza. Siku zilivyokwenda akawa ananyonya na kuachia. Nikaona jasho. Nikaweka stetoskopu.

Moyo mzima unagonga, unapumzika, unagonga. Huu haukuwa na mapumziko. Chini ya bega la kushoto kulikuwa na mngurumo usiokatika, kama mashine ya kusaga unga ukiisikia kutoka nyumba ya tatu. Na niwaambie ukweli, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huruma, ilikuwa shangwe. Nimesikia! Nikakimbia wodini, jambo ambalo Mama Theresia alilikataza kuliko wizi. Akaja, akasikiliza muda mrefu macho kayafumba, akavua stetoskopu. "Umesikia sawa," akasema. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sikupata sifa nyingine kutoka kwake, na hiyo ilinitosha.

Daktari wetu wa wilaya alitueleza. Karibu na moyo upo mshipa mmoja mfupi ambao mtoto anauhitaji akiwa tumboni, kwa sababu huko havuti pumzi. Akizaliwa akavuta pumzi, mshipa ule hujifunga wenyewe. Wa Makame ulikataa kujifunga. Damu iliyotakiwa kwenda mwilini ikawa inarudi mapafuni, moyo unafanya kazi maradufu, mtoto anachoka kwa kuishi tu. Dar es Salaam kulikuwa na daktari bingwa, mgeni aliyekuja kwa mkataba, ambaye alikuwa anapasua ubavuni na kuufunga mshipa huo kwa uzi. Kwa watoto wakubwa alikuwa amezoea. Wachanga alikuwa amewafanyia wachache. Wapo waliopona, wapo waliokufa. Daktari wetu hakumficha Mwanajuma hata neno moja, nami nilimheshimu kwa hilo.

Ikabaki arobaini. Mzazi na mtoto wake hawatoki nje kabla ya siku arobaini, mnajua nyote, na Bi Hidaya alijua kuliko nyote.

"Mtoto huyu hapandi ndege," akasema. "Jicho la mtu, upepo, na hao mnaosema watampasua. Arobaini ikitimia tutazungumza."

Nikamvalisha stetoskopu masikioni, nikamwekea penye mngurumo. Akasikiliza, uso haukubadilika. "Kuna mashine humu," akasema.

"Ndiyo, bibi. Na mtoto ndiye anayeizungusha, hana nguvu za kuizungusha mpaka arobaini."

Aliyesema ni Mwanajuma, ambaye tangu afike alikuwa hajampinga mama mkwe wake hata kwa chumvi ya mchuzi. "Mama, wale wawili tuliwafungia ndani kama ilivyotakiwa. Hakuna aliyeiona arobaini yake."

Bi Hidaya alitazama dirishani. Halafu akafunga upindo wake vizuri, akasema, "Basi na mimi nakwenda. Na mvuje nakwenda nao."

Mvuje, kwa nyie mliolelewa na marashi ya dukani, ni dawa inayofungwa kwa mtoto kumkinga na mabaya, na harufu yake inamkinga na kila mtu. Ndege ile ilikuwa ndogo, tumo Bi Hidaya, Mwanajuma, Makame, mimi, na rubani mmoja ambaye hakuwa amekosa lolote. Bahari nzima tuliivuka yeye kafungua kidirisha chake. Bi Hidaya akaniuliza kwa nini yule kijana anatoa shingo nje, nikamwambia anatafuta njia.

Kufunga mshipa kulichukua asubuhi moja. Sikuruhusiwa kuingia; nilikaa kwenye benchi na wale wanawake wawili, na sina cha kusimulia ila kwamba Mwanajuma alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kanga mpaka uzi ukatoka. Daktari akatoka, mtu mfupi, miwani imeshuka puani, akaniambia nikasikilize. Nikaweka stetoskopu palepale chini ya bega. Kugonga, kupumzika, kugonga. Mashine imezimwa. Jamani, mimi nimecheza ngoma za harusi, nimeona uhuru ukiingia, nimezaa wanangu mwenyewe, lakini kimya kile kati ya pigo na pigo kilinifanya nilie mbele ya wanafunzi wa udaktari.

Tulipokuwa tunaondoka daktari yule aliniita pembeni. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza, lakini kilifika. "Uzi ninafunga mimi," akasema. "Baada ya hapo watoto wanakwenda kwao na mimi sijui tena. Mwaka ukipita, mtoto anakula? Anakua? Anatembea? Hilo ndilo jibu la kazi yangu, na hakuna anayeniletea." Nikamwahidi kwamba la Makame nitamletea.

Mlangoni mwa wodi muuguzi mmoja, mwema kabisa, alimpa Mwanajuma maagizo ya mwisho: "Msimwache alie sana mpaka kidonda kipone." Bi Hidaya akauliza, "Kidonda kipi? Cha nje au cha ndani?" Gari la kutupeleka uwanja wa ndege likapiga honi, tukapanda. Swali lile likabaki hewani.

Makame alinenepa. Miezi ya mwanzo waliniletea kliniki, nampima uzito nashangilia, nakisikiliza kifua, nakuta kimya changu kizuri. Alikuja mgongoni kwa mama yake, lakini mtoto gani huja kliniki kwa miguu? Kisha wakaacha kuja, na habari nikawa nazipata kwa watu wa Jibondo wanaokuja Kilindoni: mzima, anakula, anacheka. Nikaona jibu la daktari ninalo mkononi.

Hapo akazaliwa Riziki.

Baba yake, Athumani, alikuwa mtu wa kalafati kwenye kiwanja cha Fundi Shomari. Kazi yake kushindilia pamba kwenye maungio ya mbao chombo kisivuje. Mtoto wa kwanza huyo, wa kike. Jasho lile lile, mngurumo ule ule. Safari hii sikukimbia, nilitembea haraka. Daktari wetu akapiga simu ya upepo Dar es Salaam. Jibu: mleteni upesi, mkataba wa bingwa unakwisha, siku chache anarudi kwao, na hatujui mwingine atakuja lini. Ndege ilikuwa inakuja keshokutwa. Nikamfuata Athumani nimejaa furaha, maana nilijiona nina dawa na ushahidi wa dawa, na ushahidi wenyewe ni jirani yake.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa kijana mpole, mikono ina mafuta ya papa hata akiinawa. "Sista Tatu," akasema, "mimi Makame namwona kila siku kiwanjani. Wenzake waliozaliwa msimu mmoja naye wanakimbia. Yeye hajakanyaga mchanga. Mtoto wa fundi mlimrudisha na roho, miguu hakuja nayo. Wangu mtanirudishia nini?"

Nikamuuliza kama hatembei au bado hajatembea. "Hata kutambaa. Hata kukaa chini sijamwona. Nionyeshe Makame akienda kwa miguu yake, nami Riziki nampandisha ndege mwenyewe. Bila hivyo, acha afe mikononi mwa mama yake, asiende kupasuliwa na watu nisiowajua."

Mama Theresia aliponiona nilivyokunja uso aliniuliza, nikamweleza. "Ulimsikiliza kifua," akasema. "Miguu uliitazama?" Sikuwa nimeitazama. "Basi kaitazame," akasema, akanivulia stetoskopu yetu ya plasta shingoni mwake.

Asubuhi ya pili, Land Rover ya hospitali ikatupeleka Utende, mimi na Athumani, na tukavuka kwa mashua. Nilibeba madebe mawili ya maji, kwa kuwa Jibondo hakuna maji ya kunywa, yote huletwa na vyombo, na mgeni anayekwenda mikono mitupu anakwenda kunywa ya wenzake. Njia nzima nilikuwa nahesabu mabaya yanayoweza kuipata miguu ya mtoto aliyepasuliwa. Huenda damu ilikosa kufika kichwani. Huenda ni mgongo. Huenda daktari yule mpole, kwa kufunga mshipa, alifunga na kingine. Na Riziki yuko wodini anatoka jasho, na ndege ni kesho.

Tulimkuta Fundi Shomari na watu wake kwenye chombo kikubwa kilichokuwa bado mbavu tupu, nyundo zinalia. Nyuma ya kiwanja ndiyo nyumba yake. Nikapiga hodi uani. Athumani akabaki nje, penye mlango wa ua, kwa kuwa ndani ni wanawake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja kumwona mume wangu?"

Na mume wake, ndiye Makame, alikuwa kapakatwa, mnene, mzuri, meno yanameta, ana cheko la mzee wa mtaa. Nikampokea. Kifua: kimya, pigo safi, kovu limekaa vizuri ubavuni. Nikamfunua mdomo, ulimi mwekundu kama wa mtoto yeyote. Nikamshika nyayo nikazisukuma, akanipiga teke la mbavu ambalo nililisikia mpaka jioni. Miguu ipo, ina nguvu. Nikamsimamisha mapajani mwangu. Magoti yakajikunja, akanitazama kwa mshangao kama niliyemwomba aimbe.

Sikuelewa. Nikamrudisha kwa Mwanajuma, nikaketi kunywa uji na kufikiri. Mwanajuma akataka kuchochea moto, akampa dada yake. Dada akaitwa, akampa jirani. Jirani akaona kijana wake anaanguka, akampitisha kwa Bi Hidaya. Makame alizunguka ua mzima kama sahani ya halua, na mkeka umetandikwa katikati, mtupu. Kila alipokunja mdomo kidogo, kabla hata sauti haijatoka, mikono mitatu ilishamfikia.

Nikauliza, "Makame mnamlaza wapi mchana?"

"Hatumlazi," akasema Mwanajuma.

"Akiwekwa chini je?"

"Atalia."

Wakati huo akaingia, kwa cheo chake, balozi wa nyumba kumi, mtu wa miraba minne, aliyesikia kuna mgeni wa serikali. Huyu alikuwa na aibu ya muda mrefu. Kila mkutano wa chama Kilindoni mabalozi wenzake walisimama kueleza shamba lao la ujamaa, mihogo, mikorosho, na yeye kisiwa chake ni mwamba, hakioti kitu. Akanieleza, kifua mbele, kwamba tangu mtoto huyu arudi kutoka Dar es Salaam na agizo la kutolia, kijiji kimeweka zamu ya kumbeba. Nyumba hii asubuhi, nyumba ile mchana, wanaume wakitoka kiwanjani nao wanampokea. "Mtoto huyu, Ndugu Sista, ni shamba letu la ujamaa," akasema. "Hajalia mwaka mzima na ushei."

Niliweka kikombe chini. Nilitaka kucheka, nikataka kulia, nikataka kumkumbatia balozi, jambo ambalo lisingefaa. Kumbe hakuna mshipa wala mgongo. Walikuwa wamemponya kwa mapenzi mpaka wamempoozesha.

"Bibi," nikamwambia Bi Hidaya, "kile kidonda kilishapona."

"Cha nje nimekiona. Cha ndani nani amekiona?" Hakuuliza kwa ubishi. Alikuwa amelifikiria jambo hilo kuliko daktari yeyote. "Mwanangu Shomari akitia kalafati anaona alipotia. Huko ndani mmeshona kwa uzi, na uzi naujua. Mtoto akilia kwa nguvu, kifua kinavimba. Ukikatika, nani ataingia kuufunga? Wewe?"

Nikamvalisha stetoskopu, nikamwekea chini ya bega la mjukuu wake. "Wewe ndiye uliyeisikia ile mashine. Iko wapi?"

Akasikiliza. Muda ukapita, mpaka nyundo za kiwanjani nikaanza kuzihesabu ili nisiongee. "Haipo," akasema.

"Uzi ulishamezwa na nyama, bibi. Mshipa wenyewe umekuwa kamba ngumu. Hautafunguka. Lakini miguu yake haitaki dawa, inataka chini. Na kule Kilindoni yuko mtoto wa Athumani ana mashine ile ile, baba yake amekataa asipelekwe kwa sababu Makame hatembei. Ndege ni kesho. Mwekeni."

Mwanajuma alimtazama mama mkwe wake, mama mkwe akanitazama mimi. "Nitamweka," akasema. "Lakini akipatwa na kitu, Tatu, hutavuka kurudi kwa chombo cha mwanangu."

Nilikuwa na hakika na moyo wa Makame. Wangu ndio sikuwa na hakika nao. Bi Hidaya akainama, akamweka mjukuu wake mkekani, kitako, akamwachia taratibu kidole kimoja kimoja. Makame akatazama kulia, akatazama kushoto, akangoja mikono. Haikuja. Mdomo ukakunjika. Jirani mmoja akainuka, nikamshika kanga nikamkalisha.

Akalia.

Wallahi, mimi nimesikia vilio. Kile kilianza chini kabisa, kikapanda, kikajaa ua, kikavuka ukuta. Kilikuwa kilio cha mtu aliyedhulumiwa haki yake na anataka kisiwa kizima kishuhudie. Kiwanjani nyundo moja ikanyamaza, halafu nyingine, mpaka zote. Nikapiga magoti mbele yake nikamtazama ulimi: mwekundu. Midomo: mizuri. Kifua kinapanda na kushuka, na hakuna uzi uliokatika. Alivuta pumzi akaanza upya, kwa nguvu zaidi.

Mwanajuma alikuwa kaweka kiganja mdomoni. Alipozaliwa mtoto wake alilia kama paka, kwa kukosa nguvu, na baada ya kupasuliwa hakuna aliyemruhusu. "Ndiyo sauti yake hiyo?" akaniuliza pole pole. Nikamwambia ndiyo. "Sikuwa naijua," akasema, na machozi yakamtoka, naye anatabasamu.

Hasira zilipomzidi, Makame akajitupa kifudifudi. Akasukuma kwa teke lile lile aliloniachia mbavuni, mwili ukasogea kidogo kuelekea alipokaa bibi yake. Akashangaa, akasahau kulia, akasukuma tena. Bi Hidaya alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili asije akamnyanyua, na midomo inamcheza.

Nikageuka mlangoni. Wanaume wote wa kiwanja walikuwa wamejaa hapo, Fundi Shomari na patasi mkononi, na mbele yao Athumani.

"Ni nani alikuwa analia hivyo?" akauliza.

"Makame."

Alitazama yule mtoto mkekani, kisha akanitazama. "Nilitaka kuona miguu," akasema. "Lakini mwenye pumzi kama ile, miguu ataipata. Mashua iko tayari, Sista. Twende tukawahi ndege."

Tuliwahi. Mvuje hatukubeba, rubani alikuwa yule yule, na aliponiona akaanza kwa kunusa. Riziki alipasuliwa kabla bingwa hajafunga mizigo yake, na nikapata nafasi ya kumpelekea jibu lake la Makame kwa mdomo wangu. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaivaa tena, akauliza, "Kwa hiyo hakuna aliyewaambia lini waache?" Siku iliyofuata nilimsikia akimwambia mama mwingine, kwa Kiswahili chake kile, kwamba mtoto asilie sana mpaka mwezi huu uishe, na mwezi ukiisha, mwache alie anavyotaka. Nanyi shikeni hilo, vijana wangu. Ukimkataza mama jambo, mwambie na siku ya kuliacha. Wao wanatutii kuliko tunavyodhani.

Makame kutembea alitembea, msimu huo huo, akianzia kwenye mbavu za kile chombo cha baba yake, anashika huu anafuata ule. Balozi alipata tabu kidogo kukieleza chama kwamba shamba limeondoka kwa miguu.

Riziki alirudi Jibondo anang'aa, ananyonya bila kutoka jasho. Nilimsindikiza mwenyewe. Mashua ilipogusa mchanga, nusu ya kisiwa ilikuwa pwani, na wanawake wakaingia majini mpaka magotini, mikono mbele, kila mmoja anataka awe wa kwanza kumpokea. Athumani akampokea yeye kwa mkewe, akawapita wote. Akatandika kanga juu ya mchanga mkavu, akamlaza mwanawe chali, akarudi nyuma hatua, akachuchumaa.

Mtoto akatazama mbingu. Akapiga chafya. Kisha akakunja uso, akafungua mdomo, akalia kwa kifua kizima, mpaka kunguru wakaruka. Mikono yote ikanyooka kumfuata, wa kwanza Bi Hidaya.

"Msimchukue," akasema Athumani. "Bado namsikiliza."